GB 3 zinayeyuka usiku na fayawoli inasema haijaona kitu. Draiva inaweza kupita chini ya fayawoli?

#1 Steshenari_Makambako

Wakuu salama, naenda moja kwa moja.

Nina steshenari ndogo hapa Makambako, kompyuta ya mezani moja ya Windows 10, printa mbili na rauta ya laini. Jana saa mbili usiku kabla sijashusha shata nimeangalia salio la bando, GB 7.2. Leo saa moja na nusu asubuhi nafungua, mausi sijaigusa, naangalia tena, GB 4.1. Yaani GB 3.1 zimetembea wakati mimi nimelala na duka lina kufuli mbili.

Msije mkasema sina fayawoli, ile programu ya kuzuia nani aingie na nani atoke mtandaoni, ninayo. Mwezi uliopita niliweka simplewall, ile fayawoli huria ya Windows (msimbo wake uko wazi kwa yeyote), nikazuia kila kitu nikaachia kivinjari na programu ya printa tu. Logi ya usiku ule, yaani kumbukumbu zake, haina kitu cha maana. Fundi aliyenipigia Windows anasema draiva ya kadi ya mtandao, yaani programu inayoiendesha kadi, ni ya kampuni, haijulikani ndani ina nini, na inakaa chini kuliko fayawoli kwa hiyo ikitaka kutuma data inatuma tu na fayawoli haioni. Kama ni kweli basi nahama Windows niende Linux, mfumo huria wenye madraiva ya jamii, nimechoka na hii hali. Kazi yangu inategemea bando, mteja akija kutuma maombi ya ajira salio likakata katikati ni aibu kwangu na hasara kwake.

Naombeni msaada.

#2 ngosha_wa_ziwa

Ngoja wajuzi waje, naweka kiti.

#3 FundiMwanjelwa

Mkuu fundi wako kachanganya mambo mawili. Ni kweli kwenye Windows draiva ya kadi inakaa chini, na simplewall inakaa juu yake kwenye ule mfumo wa kuchuja unaoitwa Windows Filtering Platform, uliokuja na Windows Vista. Kwa hiyo kinadharia draiva mbovu kweli ingeweza kupenya. Lakini draiva ya waifai au ya waya kazi yake ni kubeba vifurushi vya data (siyo vya bando), haikai inapiga stori na seva za watu. Wanaopiga stori ni vile viprogramu vinavyokuja na draiva, kuna cha kukagua apdeti, kuna cha kutuma ripoti, kuna cha kukuuzia wino. Hivyo ni programu za kawaida kabisa na fayawoli inaviona.

Swali langu ni moja. Ulipowasha vichujio vya simplewall ulichagua vya kudumu au vya muda? Vya muda vinafutika mashine ikiwaka upya. Umeme wa Makambako tunaujua, ukikatika ukarudi usiku na mashine ikajiwasha, ulikuwa uchi mpaka asubuhi.

#4 Steshenari_Makambako

@FundiMwanjelwa vya kudumu mkuu, nimehakikisha sasa hivi. Na umeme haukukatika, saa ya microwave ya jirani mama lishe ilikuwa inasoma vizuri asubuhi. Ila kuna kitu lazima nikiri, niliitiki svchost kwa sababu kurasa zilikuwa hazifunguki kabisa.

#5 FundiMwanjelwa

Basi hapo ndipo mlango ulipo! svchost siyo programu moja, ni gunia. Ndani yake kuna huduma ya DNS inayotafuta anwani za tovuti, ndiyo maana bila hiyo kurasa zinagoma, lakini gunia hilo hilo limebeba Windows Update na ile huduma ya kugawana apdeti na kompyuta nyingine. Ukiruhusu gunia zima umeruhusu wote. Kwenye simplewall nenda kwenye huduma, ruhusu DNS peke yake, svchost yenyewe iondolee tiki.

#6 Pwani_Safi

Assalaam aleikum. Mie naongeza hapo kwa Fundi, hiyo ya kugawana apdeti watu wengi hawaijui. Windows 10 inaweza kuchukua apdeti uliyoshusha kwa bando lako ikawapa kompyuta nyengine, za ndani ya mtandao wako au hata za nje, inategemea imewekwaje. Kwa hiyo unalipia kushusha na unalipia kupandisha. Mie kwangu Unguja kitu cha mwanzo nikipata mashine naizima hiyo, halafu mtandao nauwekea alama kuwa ni wa kulipia kwa kipimo, hapo apdeti nyingi zinangoja ruhusa.

#7 keneli_tupu

Nadhani mnamtetea sana draiva. Mnasema haiwezi kupita, mbona Apple ilifanya? Mwaka 2020 macOS Big Sur, mfumo wa kompyuta za Mac za Apple, ilitoka, programu za Apple zenyewe zikawa zinapita chini ya fayawoli zote, Little Snitch na LuLu hazikuona kitu. Draiva za Apple zilikuwa zinatoa data kimyakimya.

#8 dada_wa_seva

@keneli_tupu tukio ni la kweli ila haikuwa draiva. Apple walibadilisha njia, fayawoli zikakatazwa kutumia viongezi vya keneli (kiini cha mfumo) zikalazimishwa kutumia mfumo mpya wa Apple, na ndani ya huo mfumo kulikuwa na orodha ya programu zaidi ya 50 za Apple ambazo hazipitishwi kwenye kichujio. Patrick Wardle, ndiye aliyeandika LuLu, alionyesha hadharani kwamba programu mbaya ingeweza kupanda mgongoni mwa hizo zilizoachiwa ikatoka nje. Watu walipiga kelele na orodha ikaondolewa kwenye toleo la 11.2 mwanzoni mwa 2021.

Ninachotaka mkuu wa uzi akione hapo ni kwamba fayawoli ya programu inaona kile ambacho mfumo umekubali kuionyesha. Fayawoli iwe huria kiasi gani, kama sakafu iliyosimamia ni ya mtu mwingine, mwenye sakafu ndiye anaamua. Ndiyo maana swali la draiva na swali la fayawoli ni swali moja.

#9 mkulima_wa_paketi

Amesema vizuri dada. Na ndiyo sababu mimi nimekaa Linux tangu 2013. Ila nikutahadharishe @Steshenari_Makambako, usihame ukidhani ufw, fayawoli ya Linux, ndiyo simplewall. ufw inafunga milango ya kuingia vizuri sana, lakini haiulizi ni programu gani inatoka. Unayotaka wewe ni OpenSnitch. Aliianzisha Mwitaliano Simone Margaritelli baada ya kuona watu wa Mac wana Little Snitch na Linux haina, siku hizi inatunzwa na watu wengine wa jamii. Programu ikitaka kutoka inakutokea dirisha, fulani anataka kwenda anwani fulani, umruhusu au umkatalie, kwa mara hii au milele. Wiki ya kwanza utabonyeza mpaka kidole kichoke, ya pili unapumua.

Mimi siku ya kwanza niliona programu ya kusomea PDF inaomba kwenda nje. Faili lilikuwa kwenye diski yangu mwenyewe, mkataba wa kupanga nyumba, sasa nje inaenda kutafuta nini? Nilikataa na PDF ikafunguka vilevile. Siku ile ndiyo nilielewa haya mambo si ya wataalamu tu.

#10 Nakuru_Techie

Niaje watu wangu. Hiyo ya kuhamia Linux ni poa lakini hesabu pia kadi ya waifai kabla hujaruka. Mimi nilinunua laptopu ya mtumba hapa Nakuru, nikaweka Ubuntu (aina ya Linux), waifai inashika tu nikiwa nimeiweka juu ya rauta. Nikisogea mpaka kwa kiti, mistari inabaki moja. Nikaenda nikanunua ile ya USB, nikabadilisha rauta, bado nalia.

Kumbe draiva ilikuwa sawa kabisa. Chipu ni ya rtl8723be, ina sehemu mbili za kuchomeka antena, na aliyeunda laptopu alichomeka antena moja tu, kwa ile sehemu ambayo draiva haiangalii. Mtu wa jamii alikuwa ashaliona akaongeza kitufe kwa draiva. Unaandika mstari mmoja kwa faili ndani ya /etc/modprobe.d:

options rtl8723be ant_sel=2

Unarestati. Mimi nilirestati nikaona mistari imejaa, nikatoka nayo mpaka kwa geti, bado imejaa. Nilisimama hapo getini na laptopu mkononi kama mtu anayeuza. Hicho ndicho napenda kwa draiva za jamii, mtu mwenye shida kama yangu alikuwa na ruhusa ya kufungua na kurekebisha.

#11 ngosha_wa_ziwa

Nakuru umesimama getini na laptopu, askari wa mtaa hakukuuliza risiti? 😂

#12 Nakuru_Techie

@ngosha_wa_ziwa aliniuliza kama nauza chaja pia 😂

#13 keneli_tupu

Sawa kwenye Apple nimekubali. Lakini hiyo ya jamii kurekebisha siyo kila mahali. Ukiwa na kadi ya picha ya Nvidia utajua. Linus Torvalds mwenyewe, aliyeianzisha Linux, aliwatukana na kidole hewani kwenye mkutano Marekani. Ila tangu 2022 wamefungua draiva zote, kwa hiyo sasa hivi hakuna shida.

#14 dada_wa_seva

Mkuu nikusahihishe mara ya pili, usinichukie. Ilikuwa Finland, chuo cha Aalto, 2012. Na Mei 2022 Nvidia hawakufungua zote, walifungua zile sehemu zinazokaa ndani ya keneli tu, kwa kadi za kizazi cha Turing kwenda juu. Sehemu kubwa ya juu inayochora picha bado imefungwa, na kazi nyingi walizihamishia kwenye femuwea, programu inayoendesha ndani ya kadi yenyewe, nayo imefungwa.

Draiva ya jamii kweli ni Nouveau, iliingia kwenye keneli 2.6.33 mwaka 2010, watu waliiandika kwa kuichungulia kadi inavyofanya kazi kwa sababu hakuna aliyewapa karatasi za maelezo yake. Halafu kadi za GTX 900 zilipokuja zikataka femuwea yenye sahihi ya kampuni, Nouveau ikawa haiwezi kupandisha kasi ya kadi. Kadi ya mamilioni inatembea kama ya mwaka arobaini na saba. Kwa kadi mpya mambo yamekuwa nafuu, kuna NVK, draiva huria ndani ya Mesa, mkusanyiko wa draiva huria za picha, ila ukienda dukani na mwisho wa siku unataka amani chukua AMD au Intel, draiva zao huria ndizo za kawaida kwenye Linux.

#15 mkulima_wa_paketi

Hapo kwenye femuwea ndipo panaponiuma. Hata Debian, watu wa aina moja ya Linux, waliokuwa wagumu miaka yote, walipiga kura 2022 na kuanzia Debian 12 ya Juni 2023 femuwea zilizofungwa zinakuja ndani ya kisakinishi. Siwalaumu, bila hivyo mtu anaweka mfumo anakuta waifai hakuna, na bila waifai atashushaje hiyo femuwea. Lakini tusimdanganye mwenye uzi kwamba akihama atakuwa hana kitu kilichofungwa ndani ya mashine.

#16 Pwani_Safi

Na huria haina maana ni salama tu hivihivi. WinRing0 ni draiva huria, imetumika miaka kwenye programu za kudhibiti feni na kusoma joto, na mwaka 2025 Defender, kinga ya Windows, ikaanza kuikamata kwa sababu ina tundu linalojulikana tangu 2020. Watu walilalamika Microsoft inaonea, lakini tundu lipo. Na mnakumbuka xz, ile programu huria ya kubana mafaili, Machi 2024, mtu alijenga uaminifu miaka miwili kwenye mradi halafu akapandikiza mlango wa nyuma.

#17 dada_wa_seva

@Pwani_Safi hiyo ya xz naisoma kinyume na wewe dada yangu. Andres Freund, mhandisi wa programu, aliona ssh, njia ya kuingia kwenye mashine ya mbali, inachelewa nusu sekunde hivi, akachimba, akaukuta. Angewezaje kuchimba kama msimbo umefungwa? Angeambiwa restati mashine.

#18 Pwani_Safi

Aliukuta kwa bahati. Matoleo mawili, 5.6.0 na 5.6.1, yalikuwa yashatoka. Bahati siyo ulinzi.

#19 dada_wa_seva

Bahati inahitaji mlango ulio wazi ili iingie. Tuliache hapo maana naona hatutakubaliana leo.

#20 FundiMwanjelwa

Nirudi kwenye WinRing0 kidogo maana inamhusu mtumiaji wa Windows. Kwa nini watu waling'ang'ania draiva ya zamani yenye tundu? Kwa sababu tangu Windows 10 toleo la 1607, draiva mpya ya keneli lazima ipitie kwa Microsoft isainiwe, na mwombaji awe na cheti maalumu kinachogharimu mamia ya dola kwa mwaka. Kijana anayeandika draiva bure usiku baada ya kazi atatoa wapi? Ndiyo maana pia simplewall na TinyWall hazina draiva yao, zinaomba huduma kwa mfumo uliopo. Fayawoli nyingine kama Fort Firewall na Portmaster zina zao, zinaona kwa undani zaidi lakini zinabeba mzigo huo. Kwa mteja wa kawaida naweka simplewall. Na mkitaka kuitoa msiifute tu, zimeni vichujio kwanza, la sivyo vinabaki kwenye mfumo na mtandao hautafunguka. Mwezi uliopita wateja wawili waliniletea mashine wakidhani kadi imekufa.

#21 Steshenari_Makambako

Wakuu nimerudi, asanteni sana. Nimefanya kama Fundi na dada wa Unguja walivyosema. svchost nimeondoa, DNS nimeacha, kugawana apdeti nimezima. Usiku wa jana salio limepungua GB 2.2. Afadhali lakini bado. Nikafungua ukurasa wa rauta, yenyewe inasema imepitisha GB 1.9. Sasa nani mkweli hapa, rauta au mtandao wa simu?

Na kingine, huwa siizimi mashine, naiacha imelala kwa sababu kuwaka inachukua dakika sita na wateja wa asubuhi hawasubiri.

#22 ngosha_wa_ziwa

Nilijua tu. Mtandao wa simu hao, MB zinaliwa hewani. Mimi laini yangu hata simu ikiwa imezimwa zinapungua.

#23 mkulima_wa_paketi

Tusikimbilie huko. Rauta nyingi zinahesabu kwa 1024 na zinaandika GB hiyohiyo, mtandao wengine wanahesabu kwa 1000. Ukifika kwenye GB tofauti ni asilimia 7 na kidogo. 1.9 ya rauta ni kama 2.04 ya mtandao. Zinabaki kama MB 160 hazina mwenyewe, siyo 300.

Ila hiyo ya kulala ndiyo ilinishtua. Windows ina matengenezo yake ya kujiendesha, bila kuyagusa yamepangwa saa nane usiku, na yanaweza kuiamsha mashine iliyolala. Fungua dirisha la amri kama msimamizi uandike powercfg /waketimers halafu powercfg /lastwake, utuletee inachosema.

#24 Steshenari_Makambako

@mkulima_wa_paketi nimeangalia na kwenye kumbukumbu za mfumo. Imeamka saa nane na dakika moja. Kila usiku. Saa nane mimi nimejifunika blanketi mbili na yenyewe imeamka inafanya kazi.

#25 keneli_tupu

Basi uzi umeisha, ni matengenezo.

#26 FundiMwanjelwa

Haujaisha. Kuamka siyo kushusha. Kama vichujio ni vya kudumu na Windows Update imefungwa, imeamka ikafanya usafi wa diski ikalala. GB 1.9 imepita wapi?

#27 Bi_Rehema_Prinji

Samahani naingilia, nasoma tangu mwanzo na mimi nina steshenari, Tabora. Unasema printa mbili, ni aina gani? Niliwahi kutaka kuhamia Linux, kilichonirudisha ni Canon LBP2900, na nyie wenye steshenari mnajua ile ndiyo inayotulisha. Draiva ya kampuni ya Linux ilikuwa ya zamani inagoma. Nikakuta kuna captdriver, watu wa jamii wameichungulia lugha ya ile printa wakaandika upya. Inachapa. Kurasa za picha nzito zilinisumbua, ila barua na CV zinatoka safi.

#28 dada_wa_seva

Bi Rehema umenigusa. Hii habari yote ya programu huria ilianzia kwenye printa. Richard Stallman akiwa chuo cha MIT Marekani walipewa printa ya leza ya Xerox, ikawa inakwama karatasi na watu hawajui mpaka watembee kwenda kuiangalia. Printa ya awali alikuwa ameirekebisha programu yake ikawa inamtumia mtu ujumbe karatasi zikikwama. Hii mpya wakamnyima msimbo. Septemba 1983 akatangaza GNU, mradi wa kuandika mfumo huria. Mtu anayesimama mbele ya printa iliyokwama huku foleni ya wateja inamtazama anaelewa hilo bila kufundishwa.

#29 Bi_Rehema_Prinji

Wallahi hujakosea. Asante mwanangu.

#30 Nakuru_Techie

Swali dogo kwa mwenye uzi, hiyo rauta imeunganishwa na nani mwingine? Maana wote tunachunguza kompyuta. Hapo Makambako majirani hawajui pasiwedi?

#31 Steshenari_Makambako

Saluni ya pembeni walikuwa wanaijua lakini nilibadilisha Januari. Printa zote ni za waya wa USB. Kuna kamera moja ya ulinzi, niliifunga mwaka jana baada ya duka la mbele kuvunjwa.

#32 mkulima_wa_paketi

Kamera!!! Mkuu kamera nyingi za bei rahisi zinaongea na seva za aliyeitengeneza muda wote, hata usipoiangalia kwenye simu. Na simplewall iko kwenye kompyuta, kamera haipiti kwenye kompyuta, inaenda moja kwa moja kwenye rauta. Unaweza kuweka fayawoli kumi kwenye Windows isione hata kifurushi kimoja cha kamera.

#33 FundiMwanjelwa

Nakubali inawezekana ila kamera moja kula GB karibu mbili kwa usiku bila mtu kuiangalia, naona ni nyingi. Labda iwe inapandisha video. Mimi bado nasema kuna huduma ndani ya Windows tumeisahau.

#34 Steshenari_Makambako

Wakuu nimepima usiku wa tatu na wa nne kama hivi. Usiku wa tatu kompyuta nimeichomoa waya wa mtandao kabisa, rauta na kamera nikaviacha. Zimeondoka MB 640. Usiku wa nne nimezima rauta kwenye soketi. Salio la jioni na la asubuhi ni lilelile, hata MB moja haijapungua.

#35 ngosha_wa_ziwa

Mtandao wa simu nawaomba radhi kwa usiku mmoja.

#36 FundiMwanjelwa

640 ni za kamera au za mtu wa saluni, lakini 2.2 kutoa 0.64 ni kama GB 1.6 na hizo ni za kompyuta. Kwa hiyo wote wawili wanakula, na logi ya simplewall haionyeshi hata mmoja. Tuma picha ya kichupo cha huduma, kila tiki tuione.

#37 dada_wa_seva

Na ukiweza washa mashine kwa flashi ya Linux usiku mmoja, usisakinishe chochote, iache imewaka tu na mtandao umechomekwa. Mashine ileile, kadi ileile, draiva ya jamii. Zikipotea tena GB 1.6 tutajua siyo Windows. Zisipopotea tutajua siyo kadi.

#38 Steshenari_Makambako

Flashi ya GB 8 ninayo. Leo kamera naichomoa, kompyuta inalala na Linux ya flashi. Nimeandika salio kwenye daftari, GB 5.3, saa mbili na robo usiku. Kesho nikifungua duka naleta majibu.